Baridi Huchelewesha Kifo

Jumatatu, 3 Machi
Koti zito, glavu, soksi mbili. Nje Johannesburg nzima iko na vesti. Mimi nimefunga saumu, nimo kwenye chumba cha baridi, nalisha vidudu wa Antaktika. Jamii ya kamba, hawazidi punje ya wali. Meli iliwafikisha Cape Town, ndege ikawaleta hapa maabara. Tangi la kushoto, maji safi ya bahari. La kulia, maji yaleyale na dizeli kidogo, kama ile iliyomwagika meli nyingine ilipopasuka pwani ya kule kwao kusini.

Siku nne za jaribio zimepita, hakuna aliyekufa. Profesa anataka tuandike: hakuna madhara. Siku nne ni kipimo cha wanyama wa maji ya joto! Kwenye baridi kila kitu hujikokota. Kula, kukua, hata kufa. Nimembembeleza. Kanipa mpaka Ijumaa ya tarehe 28, siku ya kikao kitakachoamua kama pwani ile isafishwe au iachwe hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Nimekuja ingawa si zamu yangu. Wa kulia wamezubaa. Ukiwagusa kwa brashi wanasogea kama mtu aliyeamshwa kula daku. Wazima bado. Profesa atasema kuzubaa si kufa.

Ijumaa, 14 Machi
Kafa mmoja, wa kulia. Niliporudi kutoka msikitini, wengine wawili. Kushoto wote wanakimbizana. Nikapiga makofi. Kisha nikaona haya. Mtu mzima, katikati ya Ramadhani, nashangilia maiti.

Jumatano, 19 Machi
Umeme umekatika. Transfoma ya mtaa imelipuka, moshi umeonekana mpaka Newtown. Jenereta inanguruma. Anayeijaza ni Papa Dieudonné, mlinzi wetu, mtu wa Lubumbashi. Jengo zima linanuka dizeli. Nguo, nywele, hata tende nilizofuturia. Dizeli ndiyo inayowaua, na dizeli ndiyo inayowapoza. Sina nguvu ya kucheka.

Alhamisi, 20 Machi
Jenereta imegoma. Papa Dieudonné kasimama mlangoni: "Dada Zuhura, mashine imekatala. Mazutu iko, lakini yenyewe haitaki." Mazutu kwao ni dizeli. Kipimajoto kinapanda. Nimepiga simu kila mahali. Fundi mpaka kesho. Nikakaa sakafuni nikalia.

Yeye ndiye aliyempigia mkewe. Mama Furaha huuza samaki wa friza katikati ya jiji, na kwao umeme upo. Kafika na bakkie, pikapu ya kuazima, magunia ya barafu nyuma, harufu ya samaki mbele. Akachungulia tangini.

"Ni hawa njo unalilia? Hata mboga ya mtu moja haitoke!"

Nikacheka, na kwikwi bado.

Tangi la kulia ni dogo, tukalizungushia barafu. La kushoto limejengewa ukutani, halizungushiki. Nikachukua kasha la kutunzia baridi kutoka chumba cha jenereta, nikalisuuza mbio mbio, nikawahamishia humo na maji yao. Tumewahi. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 21 Machi
Umeme umerudi. Nimefungua kasha. Juu ya maji kuna utando wa rangi rangi, kama kwenye madimbwi ya barabarani. Nikamwuliza Papa Dieudonné lile kasha ni la nini.

"La kuwekea dumu ya mazutu, dada. Inavujaka kidogo."

Nililisuuza bila kunusa. Na ningenusa ningejua nini, wakati kila kitu kilikuwa kinanuka? Haraka haraka, baraka ndiyo hiyo. Wote wazima. Wanakimbizana kana kwamba hakuna kitu. Nimewarudisha kwenye maji mapya lakini naijua dizeli, imeshaingia mwilini.

Hakuna anayejua ila mimi.

Jumanne, 25 Machi
Kulia wamebaki wachache. Kushoto hajafa hata mmoja. Profesa kaja, katazama, kanishika bega. Anasema nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Anaandika ripoti kwa mkono wake.

Nikinyamaza, pwani itasafishwa. Mpaka Ijumaa wa kushoto watakuwa hai, baridi itanifichia. Nikisema, ripoti haina mguu. Waliokufa kabla ya umeme kukatika ni wachache mno, na baada ya hapo sina wasafi wa kulinganisha nao. Laiti ningekuwa bubu.

Nawachukia wale wa kushoto. Wanavyoogelea.

Alhamisi, 27 Machi
Nimesema.

Mwezi mzima nimepiga kelele kwamba kuwa hai leo si ushahidi wa uzima. Leo niwatumie walio hai kuwa ushahidi wangu? Nilijaribu kulimeza hilo, halikumezeka. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kompyuta, akasema asante kwa kuniambia. Bora angenitukana.

Ijumaa, 28 Machi
Kikao kimekwisha. Madhara hayakuthibitishwa. Pwani haitasafishwa.

Papa Dieudonné kanisubiri getini, kofia mkononi. "Ni dumu yangu, dada." Nimemkatalia. Dumu lilikuwa mahali pake. Aliyechukua kasha ni mimi. Nimetembea mpaka nyumbani, nimepita robot, taa za barabarani, zikiwa nyekundu, madereva wananipigia honi. Nilitaka kuwapigia kelele na mimi.

Jumatatu, 31 Machi
Idi. Mama Furaha, mlokole wa kutupwa, kaniletea samaki wa kukaanga. Nimekula kwa heshima yake. Mama yangu kapiga simu kutoka Tanga, nikamwambia kazi inakwenda vizuri.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimepita kuwalisha. Hakuna aliyenituma. Jaribio limeshafungwa, hata karatasi mlangoni imebanduliwa.

Tangi la kushoto, mmoja amelala chali. Miguu inapepea taratibu. Nimemgusa kwa brashi, hakugeuka. Nyuma yake wengine wawili wamezubaa pembeni.

Nimeandika tarehe kwenye kioo. Nimewapa chakula wote, hata yule. Nikafunga mlango polepole, baridi isitoke.