Kifua cha Wanjiru

Jumatatu, 3 Machi
Presha, sukari, magoti. Wiki ya pili kwenye kliniki hii ya Giakanja na sijaona kesi ya maana. Wenzangu ninaosomea nao ubingwa wa magonjwa ya ndani wako wodini Nyeri mjini na wagonjwa mahututi. Mimi naandika dawa zile zile. Nina hasira. Baridi pia.

Alhamisi, 6 Machi
Wanjiru, fundi wa nguo, mimba ya miezi minne. Ametumia dawa za pumu kwa miaka. Nilimlaza ubavu wa kushoto, nikasikiliza. Mngurumo wa chini. Si pumu. Nikamwita Daktari Muthoni, bingwa anayetufundisha. Alisikiliza kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa. Vali ya moyo, mlango wa kupitisha damu, imebana.
Nilifurahi. Nikamweleza Wanjiru yote haraka: hospitali kubwa, matibabu kabla ya kujifungua, hatari. Akachukua sweta yake, akatoka.

Alhamisi, 13 Machi
Wanjiru hakuja kliniki. Simu imezimwa. Daktari Muthoni aliniuliza kama nilimwuliza anaogopa nini. Sikumwuliza. Akarudi kwa wagonjwa wake. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 14 Machi
Nilikwenda kwake na mhudumu wa afya wa kijiji. Mama mkwe wake Wanjiru alitupokea mlangoni.
"Ati moyo? Hiyo ni kifua tu, daktari. Hata mimi niko nayo."
Alituletea chai na viazi. Wanjiru alikuwa kwenye cherehani, anashona kidogo, anapumzika. Hakuniangalia. Safari hii niliuliza. Akasimamisha cherehani.
"Mtanitoa mtoto."
Hilo ndilo alilosikia siku ile. Nilimwambia hakuna atakayemtoa mtoto bila yeye kukubali, na kwamba tunataka wote wawili waishi. Zaidi ya hapo sikuahidi. Singeweza. Mama mkwe aliacha kumenya viazi, akasikiliza. Wanjiru akasema atafikiria.

Jumapili, 16 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Wanjiru akichelewa, mapafu yatajaa maji. Naogopa.

Jumanne, 18 Machi
Wanjiru amekuja. Mama mkwe amembebea begi. Hawezi kumaliza sentensi, midomo imebadilika rangi. Oksijeni, sindano ya dawa ya kupunguza maji mapafuni, ambulensi. Daktari Muthoni aliniacha nifanye mwenyewe. Nilipanda ambulensi na Wanjiru. Alinishika mkono hadi Nyeri.

Jumatano, 2 Aprili
Wanjiru alihamishiwa Nairobi, na wamempanua vali kwa puto lililopitishwa kwenye mshipa. Mtoto yuko salama. Nilisoma ujumbe mara mbili, nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikalia.
Mchana mkuu wa mafunzo alipiga simu. Nafasi imepatikana wodini, nikitaka. Nilimwambia nitamaliza muda wangu hapa. Akashangaa. Hata mimi.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Wanjiru alikaa kwenye foleni kama wengine, akaingia zamu yake ilipofika. Amepanda kilima cha sokoni bila kupumzika, anasema. Nilisikiliza moyo wake. Kisha nikaweka pembe ya kusikilizia tumboni, nikasikiliza wa mtoto. Wa haraka, sawasawa. Aliniuliza ni vipi. Nikamwambia ni vizuri.
Nikampa sindano yake ya penisilini ya kila mwezi, ya kulinda vali, na tarehe ya kurudi. Akafunga vifungo vya sweta polepole, akaaga. Nikamwita anayefuata, mzee mwenye magoti. Nikamwuliza yanamuuma tangu lini.