Mtandio wangu na pete za parachuti

Jumanne, Rebero

Basi nimeshinda! Hadija, mwenzangu kwenye karakana ya parachuti kule Masoro, alikuwa aking'ang'ania tuendelee na nyundo tuliyogongea pete za shaba. Lakini pete hizi mpya, zinazopitisha kamba kwenye kitambaa, ni za chuma kisichoshika kutu. Ni ngumu, zikigongwa zinapasuka ukingoni, na ukingo uliopasuka unakata kamba. Mtu akiwa angani...

Sikubishana. Nilivua mtandio wangu wa hariri, nikaupitisha kwenye pete aliyogonga yeye. Ukanasa. Kwenye pete niliyoibana kwa mashine ya mkono tuliyoazima kule Remera, ukapita laini kabisa.

"Haya dada, tununue mashine," akasema. "Ila mtandio wako wa sikukuu ya Idi ndio umeuharibu."

Kweli umechanika. Kesho nitauvaa kazini hivyohivyo, tundu likiwa mbele, Hadija alione vizuri.