Rafu ya Vitabu Nyuma Yangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukorofi wake na wajukuu wanakuachia usingizi wa mchana. Mimi sijambo, isipokuwa kifua kinachonikumbusha miaka yangu kila asubuhi, nami hujifanya sijasikia.

Najua umekasirika. Jumapili mbili umenipigia kwa video na hukuniona. Nilimwambia mwanao kwenye simu kwamba laptopu yangu iko kwa fundi. Ni kweli ilikuwa huko, lakini nusu ya kweli ina mguu mmoja, haifiki mbali. Nivumilie nikupe nusu ya pili kabla hujakata tiketi.

Unakumbuka Jumapili ya mwisho uliposema kuna kitu cha chuma kinachungulia katikati ya vitabu vyangu. Nilikujibu upesi kwamba ni ngazi ya kufikia rafu ya juu. Ukacheka, ukasema tangu utotoni sijapata kufika juu bila kupandia kitu. Kisha ukaniomba nigeuke niichukue kamusi ya marehemu Baba, ile aliyoandika tarehe zetu za kuzaliwa ndani ya jalada, maana unaihitaji kwa hati ya kusafiria ya kuja kukaa kwangu. Nilinyoosha mkono nyuma, nikaona kwenye kioo cha laptopu vidole vyangu vikimezwa na vitabu kama vimetumbukia majini. Nikafunga laptopu. Umeme haukukatika kama nilivyodai, Dada. Ni mimi.

Wiki ile nikaamua kuitibu mashine mwenyewe. Nilidhani ugonjwa uko kwenye kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora vitu kwenye kioo, basi nikajitia ufundi: nikaondoa draiva, yaani programu inayoiongoza kadi hiyo, nikaweka mpya. Kioo kikawa cheusi tititi. Nilibaki nimekikodolea macho, nikiona uso wangu tu, nao haukuwa na la kunishauri.

Nikaipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi wanayemwita Bisibisi kwa kuwa huichomeka bisibisi yake kwenye nywele. Aliuliza nani kaichokoa. Nikasema mjukuu. Akanitazama, akasema wajukuu wa siku hizi nao wana mvi. Alirudisha draiva ya zamani. Mistari ikaja, ikaondoka, ikaja tena. Akazima mbwembwe zote za kioo: vivuli, madirisha yanayopitisha mwanga, vitu vinavyopeperuka kila ukivifunga. Kioo kikatulia. Tukajaribu kamera, uso wangu ukatokea safi. Nikamwomba anirudishie na vitabu vyangu. Alijaribu mara tatu, na mara tatu mashine ikaganda. Mwishowe akaniambia, kwa upole ulioniuma kuliko makelele, kwamba laptopu hii ina nguvu ya kunionyesha mimi, lakini haina tena nguvu ya kuficha nilipo. Nichague.

Dada, sina rafu. Ni picha tu, laptopu huibandika nyuma yangu tunapoongea. Huu ni mwaka wa pili niko katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilianguka bafuni, nikalala sakafuni tangu asubuhi hadi jirani aliponisikia alasiri. Nyumba niliyopanga nikairudisha kwa mwenyewe, vitabu nikavipa shule. Kile cha chuma ni fremu ninayoegemea nikitembea. Chumba cha wageni ulichokwisha kukitandika mawazoni hakipo. Kipo kitanda kimoja, changu. Wewe uliyenilea ulikuwa ukijisifu kwa majirani kwamba mdogo wako ana nyumba iliyojaa vitabu, nami sikuwa na moyo wa kukunyang'anya sifa hiyo.

Kamusi sikuitoa. Iko chini ya mto wangu.

Ukishaisoma barua hii, nipigie Jumapili inayofuata, hata kama ni kunigombeza. Nyuma yangu utaona ukuta mtupu, fremu, na koti langu likining'inia msumarini. Nitafungua jalada, usome mwandiko wa Baba mwenyewe, kisha uamue kama bado unakuja. Utazame mkono wangu, Dada. Safari hii hautamezwa.

Wabusu watoto, na goti ulipe pole zangu.

Mdogo wako yule yule,
Kitindamimba