Springi za Tela la Baba

5 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima. Mama yako analalamikia magoti, lakini ulimi wake bado una nguvu zote. Nawe u hali gani, na kiwanda cha nguo kinakwendaje?

Springi ya tela imekatika, upande wa kushoto, nikiwa na mzigo wa matofali. Zinazouzwa huku ni za kubahatisha, chuma chenyewe laini kama mua. Uliwahi kusema karibu na kiwanda chenu kuna duka la vipuri. Nitafutie. Pikapu bila tela haibebi mzigo wa maana, na mimi bila mzigo nitashinda nyumbani nikigombana na kuku.

Baba yako

27 Februari

Baba, shikamoo. Mpe Mama pole ya magoti. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inatafuna mifupa.

Nimekwenda dukani. Muuzaji kaniuliza maswali mpaka nikaona haya. Springi ina majani mangapi, yaani vile vyuma bapa vilivyolaliana? Upana wake je? Na urefu, kutoka katikati ya tundu la huku hadi katikati ya tundu la kule? Tela hubeba uzito gani? Anasema ubadilishe zote mbili, maana mpya na kuukuu hazibebi sawasawa. Pima, uniandikie.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo, twashukuru. Na hiyo baridi je, imepungua?

Majani ni matano. Upana inchi mbili, urefu ishirini na sita. Nimepima tena: upana tatu, urefu thelathini na moja. Chukua ya katikati.

Baba

14 Aprili

Shikamoo Baba. Natumaini mnaendelea vizuri, ingawa leo mwenyewe sina raha.

Springi haina ya katikati. Ikizidi kidogo tu, haiingii. Mimi ni mshonaji, Baba. Kazi yangu ni futi kutwa nzima, na najua mtu akikosea kupima anakosea kwa kiasi gani. Si hivi. Tena mistari yako inapandana, neno limekaa juu ya neno.

Baba, unaona?

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mwili mzima, macho ndiyo hayo umekwisha kuyajua.

Katikati pameingia ukungu. Naona pembeni tu. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Ile springi haikukatika kwa uzito. Niliingia kwenye mtaro nisiouona.

Lakini usihofu. Mama yako hukaa kando yangu akiniitia kona: “Kulia, mzee! Punguza, kuna mbuzi!” Nikamwambia, wewe umekuwa macho, mimi miguu. Akajibu, basi miguu iache kiburi.

Safari hii kapima yeye. Upana inchi moja na robo tatu, urefu ishirini na tano na robo, na tela hubeba tani moja. Tuma, mwanangu.

Baba yako

30 Mei

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo nawe, najua unamsomea.

Situmi. Nisameheni. Siwezi kununua chuma cha kuwarudisha mtaroni, safari hii wawili. Liacheni tela. Nimeomba ruhusa nije, wamekataa. Nikiondoka bila ruhusa sitapokewa tena, na hapo sote hatuna pa kushika.

Mwanao

18 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa kukujibu.

Sikulaumu. Fundi amenifungia springi za lori kuukuu. Ngumu mno. Tela likiwa tupu linaruka na kuyumbisha pikapu nzima. Juzi mama yako aligonga kichwa dirishani, akashonwa. Kesho yake akapanda tena. Nilimkataza, akasema, “Nani atakuitia kona?”

Tutafanyaje? Mtu akikaa ndani akilisubiri giza, giza huja mapema.

Baba

6 Septemba

Baba, Mama, shikamooni. Mama, kichwa kinaendeleaje?

Springi nimenunua, zote mbili, za vipimo vya Mama na uzito wa tela lenu. Nimezipima mwenyewe kwa futi yangu ya kazini, tundu hadi tundu, huku machozi yakinidondoka mbele ya muuzaji. Zimeondoka leo. Mwambieni fundi azitoe zile za lori siku hiyohiyo.

Sijui nimewalinda au nimewasukuma. Kama nimeshindwa kuwazuia, basi tela lisiruke.

Mkirudi salama siku ya kwanza, Mama, niandikie. Hata neno moja.

Mwanenu