Kuacha Shingo

Jumatano, 3 Februari 1999
Nimefunga tena chupa kumi na mbili za wino za Garissa. Pamba chini ya kifuniko, nta ya mshumaa juu yake, gazeti mara tatu, kisha maranda kutoka kwa wachonga vinyago wa nyuma. Maranda ni mepesi. Posta hutoza kwa uzito. Sanduku la mbao lingekula faida yote. Kamba ya katani, mafundo mawili.

Kifurushi cha kwanza kilimwagika njiani. Hiki ni cha pili. Mzee Hashim hupika wino mweusi wa khati za Kiarabu katika chumba cha mbele cha nyumba yake hapa mtaa wa Mowlem, nami ndiye karani wake wa pekee. Wino ukimwagika, aliyefunga ni mimi.

Nimekipeleka. Naogopa.

Jumatano, 10 Februari
Kimerudi. Karani wa Posta aliniona nikiingia akainua mikono yote miwili, myeusi hadi vifundo. "Msee wa wino! Jamaa yangu, niangalie. Nimekuwa kama mtu aliyepiga kura kwa vidole vyote." Watu wa foleni walicheka. Kisha akainama na kusema polepole kwamba mkubwa wake ameapa: nikirudia, nisikanyage tena pale.

Alinionyesha barua zilizokuwa kwenye gunia moja na kifurushi changu. Moja ilikuwa imebaki neno "Mama" tu. Sijui ni mama wa nani.

Nimefungua maranda hapa mezani. Hakuna chupa iliyovunjika. Hata moja. Vifuniko vimeinuka tu, na nta imepasuka pande zote. Sielewi.

Alhamisi, 11 Februari
Mzee hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tutamtumia Maalim Abdi wa Garissa mara ya tatu, kwa sababu watoto wa madrasa yake wanangoja wino. "Hiki nacho kikimwagika, mwanangu, naacha mambo ya Posta. Na nikiacha Posta, karani wa nini?"

Miezi minane nilizunguka na cheti changu ndani ya bahasha kabla ya kupata kazi hii. Sina pengine pa kwenda. Leo sikula.

Jumamosi, 13 Februari
Nimejua. Ni jambo dogo hata naona aibu kuliandika.

Mama Mwende, anayeuza mafuta ya taa karibu na soko la Jericho, alinijazia chupa yangu akasimama kabla ya kufika juu. Nilimwambia aongeze. Akanitazama kama mtoto. "Wewe mtu wa shule, na hujui? Chupa huachiwa shingo. Ukijaza hadi mdomo, jua likiwaka inatapika."

Garissa. Gunia juani. Hakuna pa wino kupanda ila nje.

Na Mzee hujaza mwenyewe kila chupa. Humimina, hungoja povu lishuke, kisha huongeza kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka wino unasimama juu ya mdomo. Haogopi kitu duniani ila kupunja. Aliyenunua chupa, husema, amenunua chupa. Nikimwambia aache shingo, atasikia nimemwambia aibe.

Jumatatu, 15 Februari
Sikumwambia.

Alipokwenda kuswali adhuhuri nilifungua chupa zote kumi na mbili alizojaza upya. Vijiko viwili kutoka kila moja, ndani ya gudulia la jamu. Nimepaka meza wino. Nikafunika, nikatia nta, nikafunga. Gudulia nimelificha kabatini nyuma ya bahasha. Sikujua nilifanyie nini. Kuumwaga nisingeweza. Ni wino wa watu.

Nimekipeleka Posta. Karani alikishika kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 18 Februari
Mzee amelipata gudulia. Alikuwa akitafuta bahasha.

"Wa nani?"

Nikasema wa Maalim. Nikaeleza shingo, jua, mafuta ya taa, vyote kwa pupa, kama mwizi aliyekamatwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ungeniuliza?"

Ungekataa. Hilo sikulisema. Naliandika hapa tu.

Ameliweka gudulia mezani pangu, mbele ya mkono ninaoandikia. Hajanifukuza. Kikimwagika, nimekwisha. Kisipomwagika, mimi ni mpunjaji. Sioni njia ya tatu.

Jumatatu, 22 Februari
Hakuna barua. Mzee ananisalimu asubuhi, basi. Nimenakili orodha ya wateja upya ingawa haikuhitaji kunakiliwa.

Ijumaa, 26 Februari
Barua ya Maalim imefika.

Mzee aliisoma kwa sauti. Chupa zote kumi na mbili kavu, alhamdulillahi, mara ya kwanza. Nilishika meza. Akaendelea. "Ila kila moja imepungua. Vipi Hashim, siku hizi unapima kama muuza maziwa?"

Najua Maalim alikuwa akitania. Mzee hakucheka. Aliikunja barua mara nne, akavaa kofia, akaenda msikitini. Nilikusanya vitu vyangu. Kalamu, sweta, kikombe. Nikakaa navyo mapajani.

Aliporudi aliviona. Alileta chupa tupu akamimina wino wa gudulia. Uliishia mabegani mwa chupa. Alichukua kijiko kwa mazoea, akaitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu, akakirudisha mezani.

"Mwandikie Maalim," alisema. "Kwa jina lako. Usiandike ‘sisi’. Mwambie umetoa kiasi gani, na kwa nini. Jumatatu upeleke na hii."

Nimeandika mara tatu ndipo ikatulia.

Amesema Jumatatu. Maana yake Jumatatu nipo.

Jumatatu, 1 Machi
Chupa ya kumi na tatu, peke yake, na barua yangu pembeni. Foleni ilikuwa fupi. Karani wa Posta alikipima kifurushi, kisha akakitikisa karibu na sikio.

"Msee wa wino, hii haijajaa."

"Haijajaa," nikasema. Sikupunguza sauti.

Akagonga mhuri.