Uliponiposa kwa Pumzi Chache

Jumatatu, Juni 15

Kwako Athmani,

Ulipokuwa hai sikukuita jina lako hata siku moja. Nilikuita Baba Salma, nawe ukaniita Mama Salma, tukaishi hivyo miaka thelathini na minne. Leo naliandika jina lako hapa na mkono unaona haya.

Kumekucha mawingu. Mvua nyepesi imekuwa ikinyesha na kuacha, ile ya kulowesha vibaraza bila kumfukuza mtu njiani. Nyumba ina kimya ambacho bado sijakizoea. Mashine yako ya oksijeni ilikuwa ikinguruma kando ya kitanda kutwa kucha, na mpira wake mwembamba ukipita sakafuni mpaka puani mwako. Bado nikipita hapo nainua mguu nisiukanyage.

Eda yangu iliisha Jumamosi. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani na neno moja ambalo sikumwambia mtu.

Naogopa uliondoka ukidhani nimekukataa.

Huenda mtu mwingine akasoma haya, naye hajui mambo yetu, basi nieleze. Mapafu yako yalikuwa yameshachoka. Jumatatu ya wiki yako ya mwisho nilikuja kukuweka sawa mto, ukanitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni sebuleni. Ukasema, "Samahani, bibi. Wewe u binti wa nani?" Nilidhani ni mzaha wako. Nikakwambia, wa Mzee Bakari wa Kibokoni. Ukaitikia kwa kichwa, ukavuta pumzi mara mbili tatu, ukasema unamjua, ni mtu mwema, na ungependa kutuma wazee kwake walete posa. Kama mimi ninaridhia.

Nilikuwa nimechoka, Athmani. Nilikuwa na shuka za kufua na uji jikoni.

"Nina mume mimi," nikakwambia. "Inua kichwa."

Ukainua kichwa. Kisha ukasema polepole, "Ana bahati," ukageukia ukutani.

Jumatano baada ya alasiri ukauliza tena, safari hii kwa taratibu zake. Dada yako Zuhura alikuwa amekaa miguuni pako. Ukamwambia, "Hebu muulize yule bibi, wazee wakija watapokewa?" Zuhura akaniuliza huku anatabasamu, maskini, akidhani nami nitacheka. Nikatazama kipepeo nilichokuwa nikikupepea nacho, kisha nikatoka bila kujibu, nikaenda kulia jikoni. Alhamisi alfajiri hukuwapo tena.

Kwa hivyo mara ya kwanza nilikukatalia, na mara ya pili sikukujibu kabisa. Nimelala na hilo miezi minne.

Leo nimetoka. Mimi na wifi Zuhura tumeipeleka mashine yako kliniki ya kifua, kule Mbaraki, wapewe wengine. Zuhura aliipakata ndani ya tuktuk na kumgombeza dereva kila shimo: "Pole pole baba, hii ni pumzi ya watu!" Sista, muuguzi wa hapo, akaifuta vumbi, akaiwasha kuijaribu. Uliposikika ule mngurumo nilishika ukuta.

Nikamwuliza lile nililolijia. Je, mume wangu alikuwa ameingiwa na wazimu?

Sista huyu ni mtu wa bara, mpole. Alinivutia kiti. "Hapana, mama. Alikuwa na njaa," akasema. "Njaa ya hewa."

Akanieleza taratibu. Ubongo ni kiungo kidogo, lakini unakula sana, na hauna ghala. Kila chembe yake inachoma sukari kwa oksijeni, kama makaa yanavyotaka upepo, na moto huo ndio nguvu yake. Hewa ikipungua, chembe hujaribu kuichoma sukari bila hewa. Hupata nguvu kidogo mno, na asidi inabaki ndani kama majivu. Na chembe ina kazi nyingi. Kutwa inasukuma chumvi nje, na bila kazi hiyo haiwezi kuipelekea jirani yake habari. Basi ikiona nguvu haitoshi, inapunguza mazungumzo ili isife. Hapo ndipo mtu anapomtazama mkewe na asimjue.

"Na mara nyingi mambo ya zamani ndiyo yanayobaki mwisho," akasema. "Lakini alikuwa akiona nini hasa, hilo siwezi kukwambia, mama. Nitakuwa nakudanganya."

Nikamshukuru kwa kutonidanganya.

Tukatembea mpaka Mama Ngina, kando ya bahari. Zuhura akanunua mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu juu, akaanza kula. Kisha akaniuliza kama ndilo linalonila siku zote hizi. Nikamwambia ndilo, kwamba uliniuliza nami sikukujibu.

"Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza, nikatoka."

"Na babako alipokuuliza zamani, ulipoletewa posa, ulijibu nini?"

"Nilinyamaza. Kwani mwari hujibu?"

Akaushusha muhogo. "Sasa mtu mzima mwenye wajukuu, wanililia nini hapa mbele ya watu?"

Nami sikuelewa bado, mpaka aliponisogelea. Jumatano ile nilipotoka chumbani, anasema, ulimwuliza, "Amesemaje?" Akakwambia, amenyamaza, kisha ameona haya amekimbia. Ukacheka, kile kicheko chako cha kukatikakatika, mpaka akaogopa pumzi zitakupotea. Ukasema, "Basi waambie wazee wavae." Ukataka kanzu yako nyeupe. Zuhura akaitoa kabatini, akaitandaza kifuani pako juu ya shuka, na ukalala umeishika upindo.

Niliikuta hapo kifuani nilipokuja kukufunika. Nilidhani umesikia baridi.

"Mlango ulikuwa wazi, wifi," Zuhura akasema. "Nilidhani umesikia."

Sikusikia. Maji ya birika yalikuwa yakichemka.

Sasa nimekaa, mvua imerudi, na nazifikiria hizo chembe zako. Naziona kama nyumba ya Mji wa Kale stima inapopungua, watu wanazima chumba kimoja, kisha kingine, wabakize taa ya ukumbini tu. Ulizima kazi yako ya bandarini. Ulizima nyumba hii, ukamzima Salma, ukazima miaka yetu yote. Kwa moto kidogo uliobaki ukatengeneza jambo moja, nalo likawa kuniposa.

Nami, bila kujua, kwa kunyamaza kwangu nilikukubali.

Mkono umeanza kulizoea jina lako, Athmani. Sina ombi kubwa. Huko uliko sasa, unakovuta pumzi bila mpira puani, nikumbuke.