Uji wa Mgonjwa Asiyeumwa

Mvara, Arua
17 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Paska,

Shikamoo, kama mnavyosalimiana huko Mwanza. U mzima? Baba Adriko naye, bado anakoroma hadi majirani wanalalamika? Sisi huku wazima kabisa. Mvua imekuja vizuri, karanga zetu za kule shambani Logiri zimechipua, na Mama ananenepa, ingawa ukimwambia atakana.

Uliniuliza kama bado nacheza na simu. Shangazi, hiyo ndiyo kazi yangu! Tangu mkataba wangu na lile shirika la wakimbizi kule Omugo ulipokwisha, nanunua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Wala si utajiri ule wa kwenye matangazo. Kuna wiki nakula nyama, na kuna wiki ni mboga ya dodo, mchicha wenu huko, na namshukuru Mungu. Mtandao ukikatika katikati ya biashara, roho inaruka.

Tena upweke wake! Sina bosi, sina mwenzangu, mchana kutwa naongea na ukuta. Siku nyingine naenda soko la Arua bila kununua kitu, nisikie tu watu wakigombania bei ya nyanya. Lakini ni kazi tamu, sikufichi. Nimejiwekea sheria moja: nikipoteza mara mbili kwa siku moja, nazima simu nashika jembe. Bila hiyo ningeshauza hata godoro.

Sasa sikia. Unamjua Keji, binti wa Mzee Natale wa Koboko, yule askari mstaafu. Nataka kumwoa, na mzee alikuwa hataki hata kusikia jina langu. Kwake yeye, mwanaume anayeshinda nyumbani ni mvivu au mwizi. Keji amelia, mimi nimekonda. Basi juzi Alhamisi mzee akaja kunichungulia bila taarifa, kijeshi kabisa.

Weee, siku gani aliyoichagua! Kumbe akina mama wa kanisa walikuwa wameniona dirishani nikishika kichwa na kupiga kelele peke yangu, wakaamua kwamba naumwa. Nimerudi tu kutoka shambani, hao wamefika na uji wa karanga na kuku mzima. Wakanikalisha mkekani, wakaniwekea mikono. Mama Stella Kiden akamwomba Mungu kwa sauti kubwa anirudishie akili. Nafumbua jicho hivi, namwona Mzee Natale mlangoni, kofia mkononi, anaitikia amina!

"Wewe iko na ugonjwa gani?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Ningesema nini? Nikamwambia ukweli wote mbele ya wale mama: sina ugonjwa, mzee, leo nimepoteza mara mbili, kwa hiyo nimezima simu nikaenda kulima. Akina mama wakashika midomo. Mimi nikajua basi, Keji amekwenda.

Mzee akaivaa kofia yake. Akatoka nje, akaliinua jembe langu, akaupangusa udongo kwa kidole akaona bado ni mbichi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Mama Keji nabadilisha pesa pale mpakani, miaka mingi," akasema. "Siku yeye napoteza, hapana funga biashara. Nafuata ile pesa mpaka jioni, sisi yote nalala njaa. Wewe najua kufunga. Leta uji."

Akaunywa uji wangu wa ugonjwa wote, na kuku akamshughulikia. Mama Stella alicheka hadi kitambaa kikamdondoka, ila alisema hafuti maombi yake, akili zaidi haijawahi kumdhuru mtu.

Amekubali, Shangazi! Amekubali! Tutapeleka ng'ombe mwezi wa nane, karanga zikishavunwa. Mama tangu juzi anaimba tu jikoni, chakula kinaungua.

Msalimie sana Baba Adriko, na Adriko mwenyewe, na mdogo wake Night mwambie viatu alivyoniomba nimeviona. Mungu awafunike kwa mkono wake, msikose chakula wala kicheko.

Mzee alipokuwa anapanda boda aligeuka akauliza ni nani atakayesimama mahali pa baba yangu siku ya kupeleka ng'ombe, maana anajua Baba hayupo. Sikufikiri mara mbili. Nilisema, dada yake.

Njoo, Shangazi.

Mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda,
Anguzu